Bunduki Nyepesi ya Sir

Sir alikuwa na kilo mia na kumi na nane, na katika maisha yangu sijaona mtu aliyehangaika kiasi kile kutafuta bunduki iliyo nyepesi kwa kilo moja tu.

Nilikuwa dereva wake mtaa wa Rashidiya, mwaka wangu wa sita Dubai. Ukoo wao ulitoka Unguja enzi za ujana wa mama yake, na Kiswahili cha nyumba ile kilikuwa safi mpaka mimi, mtu wa Nyandarua huko Kenya, nikifungua mdomo najisikia nimeingia sebuleni na gambuti zenye matope. Mama yake tulimwita Bi Mkubwa. Mwanawe nilimwita sir, kama madereva wote wa mtaa walivyowaita wa kwao.

Mwaka ule marafiki zake walimwalika kwenda kuwinda kondoo wa milimani huko Tajikistani, wale wenye pembe zilizojiviringa. Mimi nimezaliwa milimani na nimechunga kondoo mpaka darasa la nane. Sikuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kupanda ndege, kisha gari, kisha farasi, kisha atembee kwa magoti, ili tu amfikie kondoo. Wa kwetu ukimwita anakuja. Hata usipomwita anakuja.

Ningecheka kimoyomoyo na kuendelea kuosha gari, kama safari yake isingekuwa imefungamana na yangu. Nilikuwa na mchumba Kenya, mwalimu wa shule ya msingi, na mambo ya mahari yalikuwa yamekwisha. Ilibaki ngurario, sherehe ambayo kwetu Wakikuyu ndiyo ndoa yenyewe. Bwana harusi anapewa kisu, anakata bega la kondoo lililochomwa, palepale kwenye kiungo, wazee wakitazama, kisha anampa bibi harusi kipande. Hakuna wa kukukatia. Usipokuwepo, hujaoa. Tarehe ilikuwa imeahirishwa mara mbili kwa ajili yangu, na baba wa mchumba wangu alinipigia simu akazungumza kwa upole ulionitisha kuliko ukali: "Kijana, Jumamosi ya mwisho ya Novemba. Ukikosa hiyo, usijisumbue kutuomba nyingine."

Sir alikuwa ameniahidi. "Likizo yako utaichukua mie nikiwa safarini," alisema. "Gari litalala, na wewe utakwenda kwenu." Shida ni kwamba kibali cha kuingiza silaha kule Tajikistani kilitaka namba iliyogongwa kwenye chuma cha bunduki yenyewe. Bila bunduki hapakuwa na namba, bila namba hapakuwa na kibali, na bila kibali sir hakuwa anakwenda kokote. Pasipoti yangu, kwa upande wake, ilikuwa imefungiwa ndani ya sefu chumbani kwake, pamoja na bunduki zake za zamani. Kwa hiyo ndoa yangu ilikuwa inangoja mwanamume mmoja aamue anataka bunduki gani.

Alianza kuchagua mwezi wa Septemba.

Zilibaki mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kizamani, kitako cha mti, mtutu mnene, kilo tatu na nusu. Ya pili kitako chake kilikuwa cha kaboni na mtutu wake mwembamba, kilo mbili na nusu. Kila alasiri alitazama video za wanaume wenye ndevu wakieleza namna ya kupunguza uzito wa mzigo mlimani. Mmoja wao alikata mpini wa mswaki wake ili aokoe gramu chache. Kesho yake sir naye akakata wake. Bi Mkubwa alipouona bafuni aliniita nikashuhudie.

"Hebu tazama," aliniambia, ameushika kwa vidole viwili. "Mwanangu kakata mswaki. Na lile tumbo, nani atamkatia?"

Kisha ikaja mifagio. Sir alichukua mipini miwili ya fagio, akafunga mchele kwenye vifuko, akaupima kwenye mizani ya jikoni, na kuufunga kwa utepe hadi mpini mmoja ukawa na uzito wa bunduki nzito na mwingine wa ile nyepesi. Familia yake ilikuwa na jengo la ghorofa kumi na moja huko Al Mankhool. Tukawa tunakwenda pale kila asubuhi kupanda ngazi, sir mbele na mpini mmoja begani, mimi nyuma na wa pili. Lifti ilikuwa nzima, inapanda na kushuka na watu wenye akili zao.

Tukifika ghorofa ya nne alikuwa ananipa mpini wake. "Nshikie," alisema, "nataka kuisikiliza pumzi yangu." Pumzi yake hata mimi niliisikia, na nadhani wapangaji waliokuwa ndani waliisikia pia. Kuanzia hapo hadi juu nilibeba yote miwili, na tukifika paani ananigeukia, amelowa jasho, akiniuliza: "Enhe. Ipi nyepesi?"

Mlinzi wa jengo alikuwa Mkenya, kijana wa Kakamega. Siku ya tatu alishindwa kuvumilia. "Buda," alininong'oneza, "hiyo mchele mnapelekea nani huko juu kila siku? Na mbona mnarudi nayo?"

Nilimshauri sir kila alivyotaka kushauriwa. Nikisema nyepesi, alitaka kujua nzito imenikosea nini. Nikisema nzito, alinikumbusha kwamba milima ya kule si kama ya kwetu, ana haki ya kuogopa uzito. Nikanyamaza, akaniambia dereva aliyenitangulia alikuwa na maoni. Septemba ikaisha, Oktoba ikaingia, na rafiki zake wakaanza kumwambia watakwenda bila yeye. Nilikuwa namchukia sasa, namchukia kabisa, huku nikimfungulia mlango wa gari na kusema karibu sir.

Katikati ya Oktoba nilimpeleka dukani kwa mara ya sita. Alizishika bunduki zote mbili, akazielekeza ukutani kwenye picha ya mbuzi, akapumua. Simu yake ikalia, akatoka nje kuongea. Fundi wa duka, mzee Msyria mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinisogelea.

"Mwambie arbab, bosi wako, achukue nzito," alisema kwa Kiarabu cha polepole ili nimwelewe. "Ile nyepesi inapiga teke kama punda. Na mtu akifika juu anahema, mtutu mwembamba unacheza, hapati kitu. Mimi akinisikia anadhani nataka kuuza. Wewe atakusikia."

Nilimwelewa vizuri sana. Nilielewa pia kwamba nikimpelekea sir maneno yale, tutarudi kwenye video, kwenye mifagio, kwenye ngazi za Al Mankhool, na Novemba itaisha tukiwa ghorofa ya nne.

Sir aliingia akafuta uso. "Haya, mtu wa milimani. Neno lako la mwisho."

"Nyepesi, sir," nilisema. "Mlimani kila gramu inakulaumu. Hii hata usipokuwa umeishika utadhani umeishika." Sijui nilimaanisha nini. Yeye aliitikia kwa kichwa kama amesikia hekima. Mzee wa miwani alinitazama mara moja tu, akarudi kwenye meza yake. "Khalas," alisema yule mzee, yaani basi, imekwisha.

Sir alikwenda uwanja wa shabaha akaipiga mara tatu. Alirudi akisugua bega na kusema ni kawaida, bunduki mpya zote zina ukali wa mwanzo. Kibali kilikuja wiki ya pili ya Novemba. Siku aliyosafiri alifungua sefu, akanipa pasipoti yangu, akanikumbatia. "Bila wewe nsingeamua," alisema, na alimaanisha hivyo.

Asubuhi ya ngurario, nikiwa uani kwa wakwe zangu nimevaa suti ambayo ilikuwa imenibana, simu yangu ililia. Ilikuwa picha. Sir amekaa kwenye jiwe, nyuma yake mlima mtupu, juu ya jicho la kulia ana plasta kubwa, na uvimbe wa rangi ya biringanya mpaka shavuni. Darubini ya bunduki ilikuwa imemrudia usoni. Amepiga mara nne, aliandika, upepo ulikuwa mbaya, kondoo hata hakukimbia, alimtazama tu. Kisha akaongeza: "Lakini mgongo haukuniuma hata kidogo. Shukrani, mwanangu." Nilicheka mpaka mjomba wangu akaniuliza kuna nini. Nilipofika kwenye lile neno "mwanangu" nilisoma tena, na kicheko kikaisha.

Wakaniita. Bega lilikuwa kwenye sinia, moto bado, wazee wamekaa duara, kina mama nyuma yao. Nikashika kisu. Nikagusa mahali ambapo mikono yangu ilipajua tangu nikiwa mtoto, nikakata, na kisu kikagonga mfupa. Nikasogea kidogo. Mfupa tena. Mara ya tatu mzee mmoja akacheka akauliza kama huko Arabuni nyama inakuja imekatwa tayari, na ua mzima ukacheka, na mimi nikacheka nao huku jasho likinitoka kwapani.

Mchumba wangu hakucheka. Aliinama kama anayenirekebishia mkono wa koti, akaweka kidole chake kwenye kiungo, inchi mbili kutoka nilipokuwa ninahangaika.

"Hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Ulikuwa unapajua."

Nilikata. Nilitaka kumjibu kwamba bado napajua, lakini kila mtu alikuwa ameona nikipakosa mara tatu.