Ritifaa ya Ng'ombe

Kabla sijaondoka Igamba kwenda kusomea stashahada ya kompyuta, mjomba wangu alisema mbele ya watu waliokuwa wakichambua kahawa kwamba sitaweza. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Huyu ataongea na kompyuta kwa Kinyiha. Atarudi kabla mahindi hayajakomaa." Shangazi aliongeza kwamba nitarudi na miwani na mikono mitupu. Jirani yetu aliona mambo ya kompyuta ni ya watu waliozaliwa penye umeme.

Hao watatu ndio walionikopesha. Mjomba alitoa ng'ombe, shangazi nguruwe wawili, jirani magunia mawili ya kahawa, vyote vikauzwa kunilipia ada. Kwetu mtu anaweza kukudharau asubuhi na kukukopesha mchana, na kilichokopwa hurudi kwa sura yake: ng'ombe kwa ng'ombe, nguruwe kwa nguruwe. Mjomba aliandika yote kwenye daftari la shule.

Nilimaliza Dar es Salaam nikiwa wa pili darasani. Wa kwanza alikuwa ameshafanya kazi hiyo kabla ya kuja chuoni, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Nikakaa huko miaka michache, nikajifunza peke yangu mengi kuliko niliyofundishwa, kisha nikarudi. Sikurudi shambani. Nilipanga chumba Tunduma, mahali ambapo malori husimama siku nzima kungoja kuvuka kwenda Zambia, na wenye mizigo hupiga simu siku nzima kuuliza malori yao yamefika wapi.

Mimi ndiye niliyeimaliza kero hiyo katika ofisi moja ya wakala wa forodha. Niliwajengea ukurasa wa wavuti. Karani anaandika namba ya lori na lilichobeba kwenye fomu yake ya pembeni. Mwenye mzigo akiwa Kitwe, huko Zambia, anafungua simu yake na kuona lori liko wapi kwenye foleni. Likivuka, karani analiondoa kwenye orodha. Kama kuna mtu mwingine mjini hapa aliyekuwa amefanya kitu kama hicho, hakujitokeza.

Mwenye ofisi alikuwa mama wa makamo aliyezungumza Kibemba na madereva, Kiswahili na sisi, na Kiingereza na benki. Alinilipa nusu. Nusu ya pili ningeipata baada ya miezi miwili, ukurasa ukiwa haujasumbua. Kichwani mwangu nusu hiyo haikuwa fedha. Ilikuwa ng'ombe wa mjomba, nguruwe wa shangazi na kahawa ya jirani.

Mwezi wa kwanza ulipita salama. Kisha karani, kijana mmoja, akaacha kazi akaenda kuuza vitenge upande wa pili wa mpaka. Nafasi yake ikachukuliwa na mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mwanamke mwenye sweta la kijani, ambaye ofisi nzima ilimwita Mwalimu. Wiki yake ya kwanza haikuisha kabla ukurasa haujawa mweupe.

Kwa asiyejua: ukurasa wa namna hiyo unaendeshwa na JavaScript, lugha ambayo kivinjari, ile programu ya kufungulia wavuti, hujisomea chenyewe. Lugha hiyo haina huruma. Ikikuta kosa moja la sarufi, inaacha kusoma sehemu yote iliyobaki. Malori mia yaliyo sahihi hayaonekani kwa sababu ya moja.

Nilikuwa nimemfundisha Mwalimu kubonyeza F12, kupiga picha maandishi mekundu na kunitumia. Picha ilikuja ikisema hivi: "SyntaxError: Unexpected identifier", mstari wa 214. Maana yake, kivinjari kimekutana na neno mahali ambapo hakikulitegemea. Ni neno gani, hakikusema. Ni kama mgeni anayechungulia mlangoni, anasema "humu kuna harufu", kisha anaondoka.

Na faili langu lilikuwa na mistari tisini na sita. Mstari wa 214 haukuwemo, kwa sababu seva huchanganya maandishi yangu na orodha ya mizigo ndipo inapoutuma ukurasa. Ilinibidi niuone ukurasa ukiwa mgonjwa. Lakini kila nilipofika na bodaboda, niliukuta umepona, malori yote yamejipanga kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikabadilisha kivinjari. Nikasoma kazi yangu kutoka mstari wa mwisho kwenda wa kwanza, mbinu niliyojifundisha mwenyewe, na kila koma ilikuwa mahali pake.

Mara ya tatu mama mwenye ofisi aliniita.

"Baba, ukurasa wako una malaria? Unapanda na kushuka."

"Nitautibu, mama."

"Utibu kabla ya Ijumaa. Ijumaa nikiukuta mweupe, nusu iliyobaki isahau, na hii uliyokwisha kula tutaizungumza."

Nilimwambia tatizo lilianza alipokuja karani mpya. Ilikuwa kweli, na nilijua ninavyotaka ieleweke.

Alhamisi asubuhi nilivuta kiti nikakaa karibu na Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Leo umekuja kunilinda?"

"Nimekuja kuona unavyoandika."

"Ulishaona wapi mwanafunzi anamsahihisha mwalimu? Haya, kaa."

Aliandika kwa vidole viwili, polepole, kila mzigo kwa herufi kubwa mwanzoni na nukta mwishoni. Maharage. Saruji. Mchele wa Kyela. Ukurasa ukabaki mzima. Kwenye saa nne dereva mmoja wa lori lililokuwa likingoja kuingia kutoka Zambia akaleta karatasi zake: ngozi mbichi, zinakwenda bandarini. Mwalimu akaandika: Ngozi mbichi za ng'ombe. Kioo kikawa cheupe.

"Usiguse kitu, Mwalimu."

"Sijagusa. Nimeandika tu."

Nilifungua mstari wa 214 na safari hii ulikuwepo, mbele yangu. Katika programu yangu, kila mzigo ulikaa katikati ya alama mbili ndogo za juu, moja ya kufungua na moja ya kufunga. Ni alama ileile iliyo katikati ya ng'ombe. Kivinjari kilisoma "Ngozi mbichi za ng", kikaona alama, kikajua maneno yamefungwa. Kisha kikakuta "ombe" limesimama nje, halina mwenyewe. Hilo ndilo neno ambalo hakikulitegemea. Na kwa kuwa malori ya ngozi hayakai, maana hakuna anayetaka kunusa mzigo ule kutwa, yalikuwa yakivuka na kufutwa kabla sijafika.

Yule kijana wa kwanza aliandika "ngombe". Mimi mwenyewe wakati wa kujaribu niliandika "ngombe". Kwenye simu, kuanzia hapa mpaka Vwawa, karibu kila mtu anaandika "ngombe". Programu yangu ilikuwa nzima kwa wote wanaokosea, ikamwangukia mtu wa kwanza aliyeandika sawasawa.

"Mwalimu," nikasema, "kwa leo naomba uandike ngombe tu, bila hako kaalama."

"Kanaitwa ritifaa."

"Bila ritifaa."

"Nimekata watoto maksi kwa neno hilo mpaka nikastaafu. Leo niliandike vibaya kwa sababu ya kioo? Ng'ombe wa kwenu mnamwitaje mkiwa nyumbani?"

Nikamsogezea kibodi.

"Siandiki. Mfundishe mashine yako kusoma."

Yule dereva, aliyekuwa akingoja karatasi zake, akasema, "Mwana, usibishane na mwalimu. Atakupigisha magoti hapahapa, na mimi nina safari."

Ningeweza kuifanya programu iifute alama hiyo kimyakimya. Mafundi wengi ninaowajua wangefanya hivyo. Mimi nilitumia njia rasmi, ile ya kuyafungasha maneno upya kabla ya kuyakabidhi kwa JavaScript, ili alama iliyo ndani ihesabiwe kuwa sehemu ya neno. Ilikuwa kazi ya mstari mmoja. Tena nilikuwa naijua: chuoni ililetwa kwenye mtihani, kwa mfano wa jina la ukoo la Kizungu lenye alama hiyo katikati, na nilipata maksi zote. Haikunijia hata siku moja kwamba ng'ombe naye anayo.

Ijumaa mama mwenye ofisi alisimama nyuma yetu. Mwalimu, bila kuombwa, akaandika lori la kujaribia: Ng'ombe waling'ang'ania kung'oa ng'onda ng'ambo. Ukurasa ukaionyesha sentensi yote, herufi kwa herufi, chini ya saruji na juu ya maharage.

"Malaria imekwisha?" mama akauliza.

"Imekwisha."

"Na mgonjwa alikuwa nani?"

"Mimi. Mwalimu alikuwa sahihi."

"Sema tena, sijasikia vizuri," Mwalimu akasema, huku akilifuta lori lake.

Miezi miwili ilipotimia nililipwa nusu yangu yote. Jumamosi iliyofuata nilikwenda mnadani Itaka nikanunua mtamba mweusi, nguruwe wawili na magunia mawili ya kahawa, nikavipandisha Igamba kwa gari la kukodi, nikiwa nimekaa mbele. Jirani aliingiza mkono kwenye gunia, akanusa, akasema ni kahawa nzuri kuliko aliyoitoa. Shangazi alitazama miwani yangu, kisha nguruwe, akasema nusu ya maneno yake ilitimia.

Mjomba alimzunguka mtamba mara mbili ndipo akaleta daftari.

"Kwa hiyo ilikubali Kinyiha?"

"Kinyiha hakikuisumbua, mjomba. Kiswahili ndicho kilichoishinda."

Ukurasa wa daftari ulikuwa umekuwa wa njano. Alikuwa ameandika: Ngombe 1. Nguruwe 2. Kahawa gunia 2. Nilimwomba kalamu, nikaweka alama ndogo juu, kati ya g na o.

"Unaongeza nini hapo?"

"Ritifaa."

Alilisogeza daftari karibu na macho, akaitazama. Kisha akachukua kalamu yake, akavikata vyote vitatu kwa mstari mmoja.