Kikazakhi cha Nyimbo

Mara ya kwanza kusikia neno kambaki likipigiwa kelele chumbani kwetu, nilikuwa na sufuria ya ugali mkononi, nusura niiangushe. Mwenzangu alikuwa amesimama juu ya kitanda na soksi zake, simu kaikumbatia kifuani, anaruka. "Kambaki! Kambaki!" Nikamuuliza nani amerudi. Akasema hakuna aliyerudi, kwani hakuna aliyekuwa ameondoka. Vijana wake walikuwa wametoa wimbo mpya, na wimbo mpya ukitoka mashabiki husema wasanii wamerudi, hata kama jana yake tu walionekana mtandaoni wakila tambi.

"Sasa kama hawakwenda popote, wanarudije?"

"Ndivyo tunavyosema," akanijibu, akaendelea kuruka.

Mimi nina ugonjwa mmoja: kitu nisichokielewa kinanisumbua hadi nikichokonoe. Nikaacha ugali, nikaketi ukingoni mwa kitanda chake, nikamwambia haya, nieleze tangu mwanzo. Laiti ningejua mwanzo wenyewe ni mrefu kiasi gani! Ugali tulikula umepoa.

Tulikuwa watatu mle ndani, wafanyakazi wa hoteli moja ya Al Rigga. Mimi nimetoka Nyandarua, kwenye baridi na viazi, na kazi yangu ilikuwa mkahawa wa asubuhi: mayai, chai, na tabasamu hata kama umeamka na kisirani. Dada mmoja wa Kizanzibari, aliyetuzidi umri, alikuwa chumba cha kufulia. Yeye wa kambaki alikuwa Mkazakhi, msichana wa mapokezi, kwa sababu alikijua Kirusi, na Warusi walikuwa wanajaa mtaa ule kununua makoti ya manyoya katikati ya joto la Dubai. Hilo nalo sijalielewa mpaka leo. Sisi wenyewe tuliongea Kiingereza cha kuokoteza, na yalla na khalas za Kiarabu, yaani haya na basi, za kujazia pale maneno yalipopelea.

Vijana wake walikuwa kundi la waimbaji wa kwao Kazakhstan. Walicheza na kuvaa kwa mtindo wa Wakorea, lakini waliimba Kikazakhi, na kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo geni hata kwao. Nywele za buluu, nywele za waridi, hereni masikioni. Alisema wapo wazee waliokasirika sana, wakisema hawa si wanaume. Mzanzibari wetu alipoonyeshwa picha akashika kifua. "Lahaula! Mwanamume na hereni?" Haikupita wiki nikamsikia anauliza yule wa nywele za buluu mafua yake yamepona?

Basi tukafunzwa maneno. Bayasi ni yule uliyemchagua wewe katika kundi, ukishamchagua huhamihami. Makne ni mdogo wao, neno walilolichukua kwa Wakorea, na makne husamehewa kila kitu. Fandomu ni ukoo mzima wa mashabiki, na humo shabiki mpya huitwa mtoto. Mimi na umri wangu, naitwa mtoto na msichana niliyemzidi miaka! Nilichagua bayasi mwenye masikio makubwa, kwa sababu alifanana na mjomba wangu. Mzanzibari alipoambiwa naye achague alikataa. "Mie mume wangu yupo Unguja, shoga, wa kazi gani tena?"

Kitu kilichonivutia zaidi kilikuwa jinsi mashabiki walivyouandika wimbo. Kila mstari waliuandika mara tatu: kwanza Kikazakhi chenyewe, chini yake jinsi ya kuutamka, chini yake maana. Wapo mashabiki Brazili, wapo Uturuki, wapo Ufilipino, wote wanaimba kutoka mstari wa pili na kulia kutoka mstari wa tatu. Nami nikawa mmoja wao. Siku moja, tukiwa kwenye basi la kampuni, tunapita Ras Al Khor penye maghala na spea za magari, nilimwona mwenzangu Mkazakhi naye anasoma vilevile: kidole mstari wa pili, jicho mstari wa tatu, maana imeandikwa Kirusi.

"Wee! Si hii ni lugha yako?"

Akafunika simu. Masikio yalikuwa mekundu. Akasema amelelewa mjini kaskazini, shule ya Kirusi, nyumba ya Kirusi, marafiki wa Kirusi. Kikazakhi anakijua cha kuagiza chai.

Nilitaka kumcheka, kicheko kikakwama. Shosho yangu, yaani bibi yangu, huniongelesha Kikuyu nami namjibu Kiswahili, na ananiambia wazi kwamba naongea kama karani. Nikamwambia hivyo.

Ndipo aliponieleza la bibi yake. Wao bibi humwita azhe. Azhe ndiye aliyemlea mwenzangu, mama yake alipokuwa safari za kazi, na baina yao waliongea Kirusi, kwa sababu azhe alikijua kidogo na mjukuu hakujua kingine. Kisha azhe akapatwa na kiharusi. Aliamka hospitali akiwa na Kikazakhi chake chote, ila Kirusi kimeyeyuka, hata cha ndiyo na hapana. Tangu hapo mjukuu akipiga simu, azhe anaongea na kuongea, halafu shangazi anaichukua simu na kusema kwa Kirusi: "Anakusalimu. Anasema ule vizuri."

"Anaongea dakika nzima," mwenzangu akasema, "halafu naambiwa nile vizuri. Nataka anachoniambia nikisikie mimi, kabla hajafa."

Alilisema hivyo hivyo, bila kupamba. Nami tangu siku hiyo nilijua kwa nini nyimbo zile zilikuwa hazimtoki masikioni. Hakuwa na mwalimu wala muda wa darasa, na zamu za mapokezi hazimwachii mtu nafasi. Alikuwa na vijana wale tu.

Tukaanza kazi. Alikariri wimbo mzima kisha akaufumua neno kwa neno. Nilimsikiliza tukipiga pasi, nilimsikiliza tukingoja basi, na nikishika neno kabla yake nilimringia bila huruma. Mzanzibari aliimba sauti ya pili huku anakunja sare, na matamshi yake ya herufi za kooni yalitushinda sote, kwa sababu ya Kurani aliyosoma chuoni utotoni. "Mnaona faida ya chuo?" alituuliza.

Lakini tatizo likajitokeza, na mimi ndiye niliyeliona. Nyimbo zile zote zilikuwa za mapenzi. Mwenzangu alikuwa anajua kusema macho yako yameniteketeza. Alijua kusema nina hamu nawe, saghindim. Alijua usiniache, nisubiri, bila wewe mimi si kitu, usiku hauishi. Hakujua goti. Hakujua dawa, wala supu, wala mto wa kulalia. Nikamuuliza, "Utamwambia nini mgonjwa, kwamba macho yake yamekuteketeza?"

"Nitamwambia nilicho nacho," akasema.

Akapiga simu Ijumaa moja mchana, sote tukiwa mapumziko. Simu za video zilikuwa zimezibwa Dubai wakati huo, kwa hiyo ilikuwa kadi ya kukwangua na sauti kubwa juu ya meza. Mimi niliweka simu yangu kando nikirekodi, kwa utundu tu, nipate cha kumchekea baadaye. Shangazi akapokea, akampelekea bibi. Tukasikia pumzi.

Mwenzangu akavuta hewa, akaanza. "Azhe. Saghindim." Halafu yakafuata yote, mfululizo: usiku hauishi, bila wewe mimi si kitu, nuru yangu, usiniache, moyo wangu unawaka. Alikuwa amefumba macho. Mzanzibari alikuwa ameng'ata upindo wa mtandio wake asicheke.

Upande wa pili kikatoka kicheko, cha kukwaruza, cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi, na shangazi naye nyuma anacheka hadi anakohoa. Azhe akasema kitu kifupi. Shangazi akafasiri kwa Kirusi, mwenzangu akatugeuzia: "Anauliza nani huyo anamtongoza na umri huu. Anasema hata babu yako hakuwahi kumwambia hivyo."

Tukaangua kicheko sote. Na ndani ya kicheko hicho azhe akaanza kuongea tena, safari hii polepole, sauti imeshuka. Akaongea sana. Alipumzika, akaendelea. Mwenzangu aliinamia simu na paji likagusa meza. Mara mbili alinitazama, akatikisa kichwa: anashika neno hapa, neno pale, yaliyobaki yanampita. Kisha shangazi akachukua simu.

"Anakusalimu," akasema. "Anasema ule vizuri."

Simu ikakatika. Mzanzibari akatupa mtandio. "Salamu gani hizo, ndefu kama khutba? Shangazi yako huyu anakuficha kitu."

Hapo nikakumbuka simu yangu. Ilikuwa bado inarekodi.

Mwenzangu alimjua mtu mmoja tu wa kumwomba. Katika fandomu yao kulikuwa na mwanamke, mwalimu wa shule katika mji mdogo wa kusini, ambaye ndiye aliyewaandikia watu wa nchi za nje mistari ile mitatu. Hawakuwa wameonana kamwe. Na huko wana adabu yao: ukishaomba tafsiri, humsukumi mtu, unangoja zamu yako hata kama roho inakutoka. Akatuma sauti, akaandika kwamba huu si wimbo, ni bibi yangu. Tukangoja. Kesho yake niliangusha trei ya vikombe mbele ya wageni kwa kuchungulia simu ambayo hata si yangu.

Jibu lilikuja tukiwa chumbani tunavaa. Mwalimu alikuwa ameyaandika maneno ya azhe kama anavyoandika kila kitu: mstari wa Kikazakhi, mstari wa kutamka, mstari wa maana. Mwenzangu alisoma kimya, kisha akatusomea, akiyageuza Kiingereza palepale.

Mtoto wangu, niko hapa dirishani. Wanasema uko mbali, kazi, kazi. Nimewaambia wakuambie uje, kila mara nawaambia. Kwa nini huji? Wanakuambia, au hawakuambii? Mimi nimechoka. Theluji ikiyeyuka sitakuwepo. Njoo nikuone, kisha urudi kwenye kazi yako, sikuzuii.

Chini kabisa mwalimu alikuwa ameongeza kwamba amelia, na kwamba samahani.

Haki ya Mungu, nilimchukia shangazi yule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Mwenzangu akampigia palepale, kwa Kirusi, akafoka hadi mishipa ya shingo ikasimama. Halafu sauti yake ikapungua, akasikiliza, akakata. Akatuambia shangazi amelia. Amesema: "Ungefanya nini huko Dubai? Ungeacha kazi, na ungekuja kukaa na mzee anayekufa, na kesho yake ungebaki huna kitu. Nilikuwa nakulinda." Hasira yangu ikakosa pa kukaa, kwa maana mama yangu mimi angefanya vilevile, na labda ameshafanya.

Alikwenda kwa madam wetu, meneja wa hoteli, kuomba likizo. Madam hakuwa mtu mbaya, lakini ulikuwa msimu wa wageni, hoteli imejaa hadi ngazini. Akamwambia msimu ukiisha, inshallah. Mwenzangu akamuuliza msimu unaisha lini. Ulikuwa unaisha wakati ambapo kwao theluji huwa imeshakwisha. Akasema, "Basi, madam, khalas," akavua beji ya jina akaiweka juu ya kaunta. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la chai nikajifanya nafuta kitasa.

Jioni ya kuondoka alimpigia azhe mara moja tu. Hakuwa na hotuba. Alikuwa na maneno mawili, ya kiitikio kile ambacho sisi watatu tulikuwa tumekiimba hadi tukakichoka: nisubiri, nakuja. Akayasema yale mawili tu, mara nyingi, na upande ule azhe akawa anaitikia kwa kuguna. Tulimsindikiza hadi kwenye teksi. Mzanzibari akamsomea dua, mimi nikamsukumia pakiti ya majani ya chai ya kwetu na kumwambia aende, asitulilie hapa, tuna zamu asubuhi. Nilikuwa ninalia mimi.

Siku kadhaa kimya. Nilikuwa nasikiliza nyimbo zile peke yangu na nilijishangaa, maana sasa zilikuwa zinanitia hofu. Kila kijana aliyeimba nisubiri nilitaka kumuuliza, na asiposubiri je?

Ujumbe wa sauti ukaingia nikiwa napanga vijiko. Nikakimbilia stoo ya vitambaa. Alikuwa ananong'ona, inaonekana mtu amelala karibu yake. Alisema amefika. Alisema azhe amekuwa mdogo sana, mkono wake ni mifupa, na hawezi kuinuka tena. Amemshika uso kwa mikono miwili na ameongea mpaka amechoka, na mengi yamempita mwenzangu, hakuyaelewa, na shangazi alitaka kuyafasiri akamwambia aache.

Kisha akacheka kidogo, au alilia, kwenye simu huwezi kujua. "Lakini moja nimelielewa," akasema. "Ameniuliza kwa nini nimekonda. Ameniuliza mimi, na nimemjibu mimi."