Viinitete vya Bura

Siku yangu ya kwanza kazini, vijana, niliingia ofisi ya mifugo ya Voi nikiwa nimevaa tai ya kuazima. Daktari wa Mifugo wa Wilaya, mkubwa wetu sote, alinitazama kuanzia viatu hadi tai.

"Umesoma hadi wapi?"

"Kidato cha nne, Daktari. Nimefaulu baiolojia."

"Vizuri. Huyo mbuzi hapo nje hajui kwamba umefaulu. Kampime joto."

Mbuzi aliniburuta hadi kwenye ua wa miiba na tai ikachanika, lakini kipimajoto sikukiachia. Daktari alicheka hadi akaketi. "Tai si yako, siyo? Kipimajoto ni cha serikali. Umechagua vizuri."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa msaidizi wa afya ya mifugo, yaani mtu anayechanja, kutoa damu ya kupimwa na kuosha vyombo kwa niaba ya daktari. Vijijini waliniita daktari vilevile. Mwanzoni nilikuwa nawasahihisha, halafu nikaacha.

Baada ya Voi nilipelekwa Taveta, kukagua mifugo inayovuka mpaka kutoka upande wa Holili. Mkubwa wangu huko alikuwa Mkaguzi wa Mpaka, mzee wa familia ya Kiislamu ya Voi, mwenye Kiswahili cha pwani na subira ndogo. Siku moja aliniona nikisoma cheti cha afya cha kondoo, neno kwa neno, huku kondoo wenyewe wakinipita.

"Mwanangu, wawakagua hao au wawasomea risala?"

"Nahakikisha karatasi ziko sawa, Mzee."

"Basi nawe inua macho. Yule wa nyuma achechemea."

Kweli alikuwa anachechemea. Tulimfungua mdomo tukakuta vidonda, na kundi zima likarudishwa. Kwa mzee yule nilijifunza kwamba cheti kinaeleza hali ya mnyama siku ile kilipoandikwa, na kwamba ugonjwa haungoji mhuri.

Miaka yangu ya mwisho kazini nilirudi Voi. Wilaya ilikuwa imekwisha, tuko chini ya kaunti, na kazi mpya ilikuwa imeingia: kuagiza viinitete vya mbuzi na kondoo kutoka ng'ambo. Kiinitete ni mimba changa mno, ya siku chache, ambayo haionekani kwa macho. Huchukuliwa kutoka tumbo la mbuzi mtoaji, hugandishwa ndani ya mrija mwembamba, na husafirishwa katika mtungi wa naitrojeni yenye baridi kali kuliko barafu yoyote mnayoijua. Kikifika hapa, huwekwa ndani ya mbuzi mpokeaji, naye huzaa mtoto asiyefanana naye hata kidogo.

Watu waliniuliza kwa nini tusilete mbuzi wazima. Mbuzi mzima huja na mate yake, kwato zake, na kila ugonjwa uliojificha kwenye damu. Kiinitete kina ganda linalokikinga. Ganda likiwa zima, bila ufa wala uchafu ulioshikamana nalo, na kiinitete kikioshwa mara kumi, kila mara kwa maji mapya, hatari hupungua sana. Hata hivyo haiishi. Ndiyo maana kibali cha kuingiza hutolewa kabla mzigo haujaondoka huko. Ndiyo maana daktari wa serikali ya nchi ile lazima aweke sahihi kwamba watoaji walikaa katika kundi lisilo na brusela, wala ule ugonjwa wa ubongo unaomfanya kondoo ajikune hadi manyoya yang'oke, ambao dhidi yake kuosha pekee hakuniridhishi. Na namba ya lakiri kwenye mtungi lazima ilingane na iliyo kwenye cheti. Hayo niliyasimamia bila kuyumba. Mtungi niliouagizia kijiji cha Bura, kule milimani, ulifika safi, na hakuna aliyenikuta na kosa upande huo.

Kosa lilikuwa upande wa wapokeaji.

Kikundi cha akina mama wa Bura kilikuwa kimeahidiwa viinitete vya mbuzi wa maziwa. Zizi la karantini, yaani la kuwatenga wapokeaji na mbuzi wengine wote, lilikuwa kwa Mama Mkawasi, mjane anayelea wajukuu, kwa sababu marehemu mumewe alijenga zizi lenye sakafu ya mawe na paa zuri. Mama huyo alitaka maziwa ya wajukuu wake kuliko mtu yeyote pale. Nilipima damu ya wapokeaji wote, nikawavalisha hereni za namba, na mtaalamu wa kupandikiza viinitete akawawekea sifongo zenye homoni ili wote wawe tayari kupokea mimba siku moja. Kisha nikawaambia akina mama kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake: "Asitoke hata mmoja."

Siku moja kabla ya kuweka viinitete nilipita kukagua. Kati ya wale wenye hereni alisimama jike mwekundu asiye na hereni, anatafuna kwa raha zake.

"Mama Mkawasi, huyu ni nani?"

"Huyo ni wangu. Amerudi nyumbani."

"Kutoka wapi?"

"Kwa Mwangeka, kule chini Maktau. Amenishikia tangu marehemu yuko hai. Amemleta juzi, mwenyewe."

"Na mimi nilisema nini kuhusu zizi hili?"

"Ulisema asitoke hata mmoja. Nani ametoka? Hesabu."

Niliwahesabu, hereni kwa hereni; hakuna aliyepungua. Alinihurumia, nadhani, maana alishusha sauti.

"Daktari, mtu amekulelea mbuzi miaka yote hiyo. Amepanda mlima na kamba mkononi. Nimwambie mbuzi aliyemleta akalale na kuku? Angekula ugali wangu kweli?"

Hapo sina pa kujificha. Mimi ni mtoto wa milima hii. Kwetu mtu huweka mbuzi kwa rafiki kule chini, ili ukame au ugonjwa usimalize wote mahali pamoja. Rafiki hunywa maziwa na hupata mtoto wa mbuzi, na siku ya kurudisha, yeye mwenyewe humwingiza mbuzi zizini na wenye nyumba humpikia. Baba yangu alishika mbuzi wa watu namna hiyo. Mgeni angesamehewa kwa kutojua. Mimi nilijua, na nikafunga mlango wa kutoka, nikaacha wa kuingilia wazi.

"Tukimtoa sasa hivi," alisema Mama Mkawasi, "nani atajua?"

Swali lilikuwa zuri. Mtaalamu alikuwa anakuja asubuhi, na ofisi haikuwa na fedha za kurudia kazi ile. Nilitembea hadi barabarani nikampigia simu Mkurugenzi wa Mifugo wa Kaunti, mkubwa wangu wa mwisho.

"Mkurugenzi, karantini ya Bura imevunjika."

"Nani ameivunja?"

"Mimi. Nilitoa maagizo nusu."

"Afadhali umesema ungali unaweza kusema. Toa damu."

Damu ya yule mwekundu ilionyesha brusela, ugonjwa unaoharibu mimba za mbuzi na kumpa binadamu homa isiyokwisha kupitia maziwa. Wenzake hawakuonyesha kitu, lakini ugonjwa huu huchukua muda kujionyesha, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuwaita salama. Viinitete vilipelekwa kwa kikundi cha akiba cha Mwatate, ambacho mbuzi wake walikuwa wameandaliwa vilevile. Niliwaambia akina mama wa Bura, mbele ya Mama Mkawasi, kwamba kosa ni langu na si lake.

"Sawa," alijibu mmoja wao. "Na maziwa ya kosa lako tutayanywa lini?"

Hawakuyanywa. Mradi uliisha na Bura haikupata mtungi mwingine.

Vijana, kusimamisha kazi ile siku ile ni jambo ambalo ningelirudia leo bila kusita. Kinachonisumbua ni sentensi ile moja niliyoitoa kwa kujiamini. Masharti ya afya ya mifugo yameandikwa vizuri na watu wanaojua maabara. Hawajui jirani yako humkaribisha mgeni vipi. Hilo unalijua wewe, na usipoliongeza hakuna atakayekuongezea.

Baada ya kustaafu nilinunua jike mmoja wa uzao wa vile viinitete vya Mwatate, nikapanda naye Bura kumwekea Mama Mkawasi, maziwa yawe yake. Alinisimamisha langoni.

"Amepimwa?"

"Amepimwa, Mama. Nimempima kwa mikono yangu mwenyewe."

"Ndiyo maana atakaa peke yake nyuma ya nyumba mpaka apimwe na mwingine," alisema, akanipokonya kamba.