Sultanali na Mwanawe Mwangusha Watu

Kwa miaka sita Sultanali aliishi nyumba moja na mwanawe pale Richmond Hill, na hakutazama mechi yake hata moja. Wala hakuona haya. Alijisifia, jamani, kama mtu anayejisifia kwamba hajawahi kuonja pombe. Ukimuuliza msikitini, kijana wako anafanya kazi gani siku hizi, anabinua mdomo, anajipangusa makombo kifuani hata kama hajala kitu, halafu anasema, "Yuko huko kwenye timu." Timu gani na anafanya nini humo, hapo kikohozi kinamshika ghafla, na utamwona anatafuta viatu vyake mlangoni mwa msikiti.

Mwana mwenyewe ni Wasi, na kazi yake ilikuwa hii. Katika mpira wa huku Kanada, ule wa kuvaa helmeti na mabega ya plastiki, timu moja inausogeza mpira mbele kwa mikono, nyingine inazuia. Wasi alikuwa upande wa kuzuia. Alisimama katikati, nyuma ya yale mapande ya watu ya mstari wa mbele, akamsoma macho mrushaji wa mpira, kisha akakimbia kumkaba yeyote aliyepewa na kumlaza chini. Alilipwa kwa hilo, na alilipwa vizuri kuliko baba yake alivyowahi kulipwa.

"Kumwangusha mtoto wa mwenzio!" Sultanali alikuwa akimwambia mkewe, Ruqayyah, kila barua ya timu ilipoingia. "Hata beberu hufanya hivyo, tena bure."

Na yeye bwana mkubwa alifanya kazi gani? Alitoka Arusha mwaka wa tisini na moja, alikokuwa akiuza vipuri vya magari dukani kwa kaka yake, akaja kukaa miaka ishirini na sita kwenye ofisi moja ya bima huko Markham, akikagua madai ya watu waliovujiwa na paa. Miaka ishirini na sita kwenye kiti kilekile, na bosi wake wa mwisho alikuwa msichana aliyezaliwa mwaka ule aliohamia yeye. Lakini alivaa tai. Kwa Sultanali, mwenye tai ni mtu na mwenye jasho ni punda, na mjadala umekwisha.

Wasi alianza kucheza shuleni akiwa na miaka kumi na mitano. Fomu ya ruhusa alitia saini mama. Baba alipomwona kijana amerudi na jicho limevimba, alifyonza, akasema, "Akili imemshukia mabegani." Chuo kikuu kikamchukua kwa sababu ya mabega hayohayo. Akasomea mambo ya mwendo wa mwili, akamaliza na shahada nzuri tu, ila baba hakwenda mahafali, kwa kuwa shahada hiyo aliona haina jina la kutamka mbele za watu. Mwaka 2019 timu za kulipwa zilipokaa kuchagua vijana wapya, Wasi akachaguliwa raundi ya sita, karibu na mwisho. Ruqayyah alipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia dirishani. Sultanali alisema nini? "Hata huko kwa wapiganaji wamemwokota mwisho mwisho."

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia kambi ya mazoezi. Wasi akafunga. Mama alimwamsha kula daku, mayai sita na maharage ya nazi na bakuli la uji, na mchana kutwa akagongana na watu wa kilo mia na thelathini bila tone la maji. Alipungua kilo tano, kocha akamtupa kikosi cha mazoezi, kile cha watu wanaotumika kama magunia ili wenzao wapate kujinoa. Hakulalamika. "Mtoto anafunga ili apigwe vizuri," baba alisema kwenye futari, na akajiongezea kachori.

Ukaja mwaka wa korona, mechi hakuna, na Wasi akabeba mizigo kwenye ghala moja huko Mississauga. Mwaka uliofuata mlinzi mmoja akavunjika mkono, Wasi akaingia, na hakutoka tena. Alikuwa mwepesi wa kuona. Kabla mrushaji hajanyoosha mkono, yeye kashafika. Msimu mmoja aliangusha watu zaidi ya sabini na kuunyaka mpira wa wapinzani mara tatu, na watu wazima uwanjani walivaa jezi yenye jina la ukoo wa Sultanali mgongoni. Mwenye ukoo mwenyewe alikuwa sebuleni, anatazama bei ya mahindi Arusha kwenye simu.

Kisha goti likaanza. Kano zilikatika, zikashonwa, zikakatika tena. Mara tatu kisu. Mara tatu alipanda ngazi za nyumba ile kwa magongo, akimpita baba yake kwenye kochi, na baba hakuinua uso ila kulalamika kwamba magongo yanachubua sakafu. Baada ya safari ya tatu timu ikamshukuru, ikamwachia aende zake. Wasi akapata kibarua cha kufundisha mpira shule moja ya Scarborough, na akawa anacheka zaidi kuliko zamani.

Anacheka kwa sababu ya Rida. Rida ni mwalimu wa chekechea, wa Mississauga, walijuana Wasi angali anacheza, jikoni mwa msikiti mwezi wa Muharram, wakipakia niyazi, chakula cha sadaka, kwenye visahani. Bintiye Abdulhussein, huyo. Sultanali aliposikia jina hilo alisimama wima. Familia ya Abdulhussein aliijua tangu Arusha: watu wa maneno machache, nyumba yao ilikuwa na ngazi mbili, ya wenyewe na ya watumishi. Kwa miaka thelathini na zaidi hapa ugenini Abdulhussein hakuwahi kumpa Sultanali zaidi ya salamu kwenye rafu za viatu msikitini. Sasa awe mkwe wake! Akae naye mstari wa mbele, aitwe Sultanalibhai, yaani ndugu, kwa sauti! Hakuna kitu alichokitaka kama hicho tangu ateremke kwenye ndege.

Desturi yao, upande wa kijana hutuma kwanza karatasi ya wasifu: kazaliwa wapi, kasoma nini, kazi yake, babu zake kina nani. Kisha mzee wa kijana ndiye anayebeba posa. Sultanali akajifungia na kompyuta, akaandika mwenyewe, hakumwonyesha mtu. Kwenye mstari wa kazi vidole vikamganda. Mwangusha watu? Mbele ya Abdulhussein? Astaghfirullah! Akaandika: mtaalamu wa tiba ya viungo, ametumikia timu ya kulipwa miaka sita. Akabonyeza, ikaenda.

Ruqayyah aliiona siku tatu baadaye. "Njia ya mwongo ni fupi, Baba Wasi," alimwambia.

"Si uongo. Kasomea mwili. Alikuwa kwenye timu. Nimeunganisha tu."

"Unganisha. Siku ukifichuka, usiniite."

Lakini Sultanali, kwa werevu wake wote, aliwasahau watu wake mwenyewe. Kwao hao, ikishajulikana kwamba nyumba fulani ina mganga, hakuna anayeomba miadi. Anakuja tu. Jumapili ya kwanza alifika mzee Jafferali, ambaye karatasi ilipitia mikononi mwake kwa kuwa ndiye mpatanishi wa posa, na mgongo wake ulikuwa unamuuma tangu majira ya baridi. Wasi aliporudi kutoka dukani alimkuta mzee amelala kifudifudi kwenye zulia la sebuleni, shati limepandishwa, anasubiri.

"Mwonyeshe mazoezi mawili matatu," Sultanali akanong'ona. "Wazee wamesikia umesomea mwili." Wasi hakujua lolote la karatasi. Akapiga magoti, akamwonyesha mzee jinsi ya kujinyoosha, mambo aliyofundishwa mwenyewe na watibabu wa timu. Jafferali akaondoka amenyooka, akamsifu kila mahali, na Jumapili iliyofuata walikuja wanne. Sultanali akawa anawapokea mlangoni kama karani wa zahanati. Na mtu huyohuyo ndiye anayesema jasho ni la punda!

Jumamosi moja wazazi wa Rida wakaja kuiona nyumba kabla ya posa rasmi, Abdulhussein na mkewe Kulsumbai, na binti yao katikati. Ruqayyah alikaanga katlesi tangu asubuhi. Sultanali alivaa tai, nyumbani, Jumamosi. Kulsumbai alipanda ngazi za barazani polepole, ameshika mkono wa Rida, akaketi akihema.

"Magoti haya," alisema, "yamekwisha."

Loo! Sultanali hakungoja hata chai. "Kulsumbai, umefika penyewe! Wasi, hebu muangalie mama. Miaka sita alikuwa anawatengeneza wachezaji wa timu nzima huyu, vigogo vya kilo mia na ushee, wanamlilia."

Wasi alikuwa ameshika sinia. Akaliweka mezani. Akamtazama baba yake, na nyuso za wageni akaziona zinamsubiri, na wazee wote wale wa zulia wakamjia kichwani kwa pamoja.

"Mimi siwatengenezi watu, mama," akamwambia Kulsumbai. "Sikuwa mtibabu. Nilikuwa mchezaji, wa ulinzi. Nilikuwa nawaangusha. Goti lako lipeleke kwa daktari, mimi nisije nikalimaliza."

Rida akashusha pumzi. Sultanali akalegeza tai. Akacheka kidogo, hakuna aliyecheka naye, ndipo hasira ikampanda na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Basi, ndiyo! Nimeficha! Nimeficha kwa heshima yenu. Ningeandika nini? Kwamba mtoto wangu, mjukuu wa mzee aliyejenga msikiti Arusha, analipwa kugongana vichwa na walevi wanampigia makofi? Baba gani angeandika hayo?"

Abdulhussein alimaliza katlesi yake, akajifuta vidole kimoja kimoja.

"Tulijua," akasema. "Rida alituambia siku ya kwanza. Mimi na mama yake tumekwenda uwanjani mara nne, Sultanalibhai, na mablanketi yetu. Nilimwona kijana huyu akimlaza chini jitu la timu ya Winnipeg, halafu akampa mkono akamwinua. Nikamwambia Kulsumbai, huyu kalelewa."

Sultanali akaketi wima. Ameitwa Sultanalibhai, na kwa sauti.

"Karatasi ilipofika na ile habari ya tiba," Abdulhussein akaendelea, "nikasema kumbe kijana mwongo. Nikakataa. Binti yangu akalia wiki nzima. Mama yake akasema, kijana asiulizwe, twende kwao, tujue uongo umetoka kinywa gani. Sasa tumejua."

"Bwana Abdulhussein, yaani mimi nilikuwa..."

"Kijana tunamtaka. Mlango wetu uko wazi, hata kesho. Ila posa isiletwe na wewe. Alete mjomba wake, alete yeyote. Kwa sisi posa ni mzee kuja kutuambia, namjua mtoto huyu, namdhamini. Tunaomba aje mtu anayemjua."

"Mimi ni baba yake mzazi! Niko hai, nimekaa hapa! Nani amjue kuliko mimi?"

Kulsumbai alikuwa anajisugua magoti kwa viganja. Hakupandisha sauti.

"Tuambie basi, kaka. Amefanyiwa operesheni mara tatu kijana wa watu. Goti lipi?"

Sultanali akageuka kumtazama mwanawe. Wasi alikuwa amesimama pale mezani kwa suruali yake nyeusi iliyopigwa pasi, miguu yote miwili sawasawa. Sultanali akajaribu kukumbuka magongo, yalikuwa upande gani, na alichokumbuka ni sakafu.

"La kulia," akasema.

Rida akainamisha kichwa.

"La kushoto, Baba," Wasi akamwambia, taratibu, kama anavyowaambia wanafunzi wake waliokosea. "Mara zote tatu."

Ruqayyah alikuwa tayari amesimama, simu mkononi, anampigia kaka yake wa Markham kumuuliza kama Jumamosi ijayo ana nafasi.