Diski Iliyofungwa Kanga

Vailet alifanya kazi masijala kwa miaka ishirini na sita, katika ofisi moja ya serikali jijini Dar es Salaam. Alitoka kwake Tangini, Kibaha, kabla ya jua na kurudi baada ya jua. Aliona majalada yakiliwa na mchwa, yakilowa, na mengine yakienda kwa mkubwa fulani yasirudi tena. Alitoka na imani moja, kwamba karatasi isiyo na nakala imeshapotea, ila hujajua tu.

Kwa hiyo alipostaafu na kukuta picha, nyimbo za kwaya na video za familia zimetawanyika kwenye simu nne na flashi zisizo na mwenyewe, hakutulia. Alichukua daftari akamwendea Khalfani, fundi kompyuta wa Maili Moja.

"Nataka masijala ya nyumbani," alimwambia. "Mtu akikaa kwenye kochi langu akawasha runinga, apate kila kitu cha ukoo wetu."

"Unataka seva, mama."

"Iite utakavyo."

Khalfani alimtafutia kompyuta iliyotumika, wakapanga diski. Mbili kubwa zingebeba vitu vilevile, ili moja ikifa nyingine iendelee. Ya tatu, ndogo na ya kasi, ingewekewa nakala za vile vinavyotazamwa sana, runinga ivifungue bila kusuasua. Khalfani akaona kazi imekwisha. Vailet hakufunga daftari.

"Nikifuta kitu kwa bahati mbaya?"

"Kinafutika kwenye zote mbili kubwa, papo hapo. Zinafuatana."

"Basi hiyo si bakapu, si nakala ya akiba, mwanangu. Hao ni watu wawili wanaokunywa kikombe kimoja. Sumu ikiingia wanakwenda wote."

Khalfani alicheka, akaongeza diski mbili za nje, za kuchomeka na kuchomoa. Vailet akaamua kwamba wakati wote moja kati ya hizo itakuwa mbali na Kibaha. Itakaa Maneromango, huko Kisarawe alikozaliwa, chini ya ulinzi wa wifi yake Paskalia.

Tatizo lilikuwa mbebaji. Aliyekuwa akija Kibaha kila baada ya miezi miwili, kupima presha na kula wali wa dada yake, alikuwa kaka yake mkubwa Damiani, mume wa Paskalia. Damiani alikuwa mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa na kiongozi wa kwaya. Pia alikuwa mtu asiyeweza kubeba kitu bila kukifungua, wala kukifungua bila kukitangaza. Angejua ni diski, angeichomeka kwenye kompyuta ya usharika ili aone kama inafanya kazi.

Vailet akaifunga diski kwenye kipande cha kanga, akakishona pande zote.

"Mpelekee wifi, kaka. Ni vitu vyetu vya kike."

Damiani alikishika kwa vidole viwili, akakitumbukiza chini kabisa ya begi na kuangalia dirishani. Kila safari alipeleka kimoja, na akija tena alirudisha kile cha zamani, kipya kikibaki kule, na Paskalia alikuwa akivipokea kwa uso wa mtu aliye msibani, halafu anaingia jikoni kucheka.

Sasa, miongoni mwa vitu vya seva ile kulikuwa na video ya dakika kumi na moja. Ilipigwa siku mama yao, Bi Juliana, alipotimiza miaka themanini. Damiani, ambaye alikuwa amewahi kuwasimamisha kwaya vijana wawili kwa kucheza mdundiko, alisikia ngoma ile siku hiyo akashindwa kujizuia. Alicheza kutoka uani mpaka barabarani, ameshika mfuniko wa sufuria, watu wakimfuata. Alipofika kwenye kalavati la mtaro wa barabara akachuchumaa kwa mbwembwe, na suruali ikapasuka nyuma kutoka juu hadi chini. Aliendelea kucheza.

Hakuna kilichotazamwa Tangini kama video ile. Majirani waliiomba kwa jina la kalavati. Khalfani alipokuja kukagua mashine, aliikuta ndiyo ya kwanza kwenye diski ya kasi.

Damiani alivumilia mwaka mzima. Mama yao akafariki, wakamzika, na bado wageni wa rambirambi waliofika Tangini walipunguza machozi kwa kalavati. Juni hii, wiki mbili baada ya Pentekoste, alikuja kupima presha akiwa mpole kupita kawaida.

"Hivi Vai, mtu akitaka kupunguza vitu humu, anafanyaje?"

"Vitu gani, kaka?"

"Nauliza tu. Elimu haina mwisho."

Vailet alimwonyesha, akidhani uzee umemlainisha kaka yake. Jumamosi asubuhi akaenda sokoni. Damiani alikaa mbele ya kompyuta, akavaa miwani, akatafuta. Hakuiona video yenyewe, ila aliona folda iliyoandikwa "Maneromango". Akaona haina haja ya kutafuta sindano wakati unaweza kuchoma nyasi zote. Akafuta folda nzima. Kwa kuwa alikuwa mwalimu na alizingatia maelekezo, akamwaga na kapu la taka la kompyuta.

Halafu akawasha runinga ahakikishe. Akaingia orodha ya Maneromango, ikamwambia hakuna kitu. Akafurahi. Akabonyeza sehemu ya vinavyotazamwa sana, na pale akajiona, ameshika mfuniko wa sufuria, anatoka uani. Diski ya kasi ilikuwa na nakala yake.

Kilichomshtua hakikuwa hicho. Alirudi kwenye folda tupu, akakumbuka kilichokuwamo. Dada yake alikuwa amekaa na mama yao jioni nyingi, amerekodi hadithi zake, nyimbo za kubembelezea watoto, na majina ya mababu wa Kurui, asili ya ukoo wao, ambayo hakuna mwingine aliyeyajua. Damiani alikuwa ametupa vyote na kubakiza suruali.

Vailet aliporudi na kapu la nyanya, alimkuta kaka yake amekaa sakafuni, kofia mkononi.

"Vai, nimemfuta mama."

Akaeleza yote bila kujitetea. Vailet aliweka kapu chini. Aligundua kwamba kuamini bakapu ni kitu kimoja na kuihitaji ni kingine. Ile ya zamu iliyokuwa Tangini alikuwa ameifuta juzi tu ili aijaze upya, na hajaijaza. Lakini alimwona mzee wa kanisa yuko sakafuni, na ushetani wa udogoni ukampanda.

"Ni jambo kubwa, kaka. Twende Maneromango kesho ukamwambie wifi mbele yangu."

Damiani hakupata usingizi. Kesho yake, baada ya ibada, alisimama sebuleni kwake akakiri mbele ya mkewe kwa maneno mazito kama ya toba. Paskalia alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia chumbani, akatoka na kifurushi cha kanga, akakiweka mezani mbele ya mumewe.

Damiani akageuza uso. "Mama, hivi si vitu vya kuweka mezani."

"Fungua," alisema Paskalia, akampa wembe.

Alikata uzi mmoja mmoja, macho nusu yamefumba. Ilipotokea diski nyeusi, aliigeuza mara tatu.

"Hii ndiyo nimekuwa nikibeba?"

"Mwaka na nusu," alisema Vailet.

"Na abiria wenzangu wakiniombea, wakidhani naumwa, kwa jinsi nilivyokaa kimya kwenye gari."

Wanawake wale walicheka mpaka Paskalia akashika ukuta. Damiani alinuna kwa muda uliostahili cheo chake.

Waliporudi Tangini na diski, Khalfani alirudisha kila kitu kilichokuwamo mpaka Pasaka, siku diski ile ilipojazwa. Hadithi zote za Bi Juliana zilikuwepo. Kilichopotea moja kwa moja ni rekodi ya kwaya ya Pentekoste, ambayo Damiani aliiongoza na kuisifia mwenyewe kwa wiki mbili. Hakuna aliyeonekana kuitafuta.

Jioni ile Damiani alikaa kwenye kochi la dada yake akaomba aitazame ile video, kwa sauti, kwani hakuwahi kuitazama hata mara moja mpaka mwisho. Kwenye kalavati, juu ya ngoma na vifijo, ilisikika sauti ya mama yao ikicheka na kukohoa, ikisema, "Mwacheni mwanangu acheze, suruali zinashonwa." Damiani alirudisha nyuma akasikiliza tena. Alirudia mara nne.

"Iache," alisema. "Ila wageni wa usharika usiwaonyeshe."

"Nitajitahidi," alisema Vailet, ambaye hakuwa na nia hiyo.

Siku hizi Damiani anazunguka Kurui na simu, anarekodi wazee wa huko kabla hawajaondoka, na rekodi hizo anazileta Tangini kwa fujo. Wiki iliyopita diski zilijaa. Alikwenda mwenyewe kwa Khalfani akataka kubwa zaidi, na alipoulizwa ngapi, akahesabu kwa vidole kama aliyezaliwa nazo: mbili za ndani, mbili za nje, na moja ya nje ilale mbali na nyumbani.

"Na kanga," aliongeza. "Nipatie yenye maua. Ile ya mwanzo haikuwa na heshima."