Kwa Nini Hatukuletewa Vipira

Miaka ya sabini, Mbeya, wakati reli ilikuwa bado inajengwa na vumbi la Iyunga halitulii, jioni zangu zote ziliishia kwenye meza moja ya mbao katika ukumbi wa usharika wetu. Tulicheza mpira wa meza. Sisemi tulijifurahisha, nasema tulicheza: mimi mshona sare za shule, mwenzangu fundi viatu mwenye mkono wa kushoto, na wengine waliotoka kazini wakaja moja kwa moja bila kupitia nyumbani. Kipira kikibonyea tulikitumbukiza kwenye maji moto, kikajitutumua. Kikipasuka tulikiziba kwa rangi ya kucha, na tangu hapo kikawa kinadunda kama mlevi.

Adha yetu ilikuwa wakala mmoja wa Dar es Salaam, aliyezungusha vifaa vya michezo vya kampuni yake kwa gari kutoka Iringa hadi kwetu. Kwenye klabu ya wakubwa wa mjini, ambako sisi hatukuruhusiwa hata kuchungulia, alishusha raketi nzuri na vipira vya mashindano. Kwetu alishusha ludo, kamba za kuruka na karata zenye picha za wanyama. Tukimwuliza, anacheka. "Hapa ni pa familia, jamani. Wachezaji wenyewe wako klabu." Mara moja tu alituletea raketi, za mbao nyembamba zilizobanduka kabla ya wiki kwisha. Hakuna aliyezinunua tena, naye akatangaza kwamba ukumbi wetu haupendi raketi. Nilitamani nimcharaze kwa moja.

Ila lawama zote tusimtwike yeye. Kwetu mgeni akija, wakubwa hupisha. Mama mlezi wa ukumbi, mwanamke wa Rungwe aliyeogopwa kuliko mchungaji, akisikia tu gari la wakala alituondoa mezani na kuwapanga watoto wacheze na kuimba, sisi tukabaki kumimina chai. Mtu mzima kujionyesha mbele ya mgeni ni kukosa haya. Basi miaka yote hiyo yule bwana hakuwahi kumwona hata mmoja wetu ameshika raketi.

Mwaka ninaousema, wachezaji wa Iringa walikuwa wanakuja kushindana nasi. Mwaka uliotangulia walitufunga kwao, na aliyenifunga mimi alikuwa mwalimu mmoja wa kike, Mhehe, mpole wa sauti na katili wa mkono, nikalia ndani ya basi mpaka tukapita Nyololo. Nilimtaka yule mwanamke mezani petu. Nilimtaka mpaka nikawa namwota. Lakini desturi yetu ni kwamba mwenyeji ndiye anayetoa vipira. Mgeni kubeba vyake ni kumtukana. Nasi tulibakiwa na kipira kimoja kizima.

Siku gari la wakala liliposimama nje, Mama mlezi akapiga makofi kuwaita watoto. Mimi sikutoka mezani.

"Gwe mwana, wewe mtoto, mpishe mgeni!"

"Leo atuone, Mama. Shikamoo, lakini leo atuone."

Fundi viatu aliniinamia, jasho limemtoka. "Dada, ndicho chenyewe hicho. Kikipasuka je?"

"Asipotuona tutakosa vyote. Anzisha."

Akaanzisha. Wakala aliingia, akapewa kiti na chai, nasi tunapigana. Kila nikipiga, sikio langu lilikuwa kwenye kipira kabla ya jicho, nikisikiliza kama sauti imebadilika. Mama mlezi aliniangalia kwa jicho ambalo ningelipia Jumapili nzima. Nikamwona wakala ameweka kikombe chini na kusogea mbele ya kiti. Furaha ikanijaa kifua: ameona, hatimaye ameona! Fundi akanirudishia kipira cha juu, nikakipiga kwa nguvu zangu zote.

Kililia kwa sauti kavu, kikaanguka upande wake bila kudunda. Kilikuwa kimepasuka katikati.

Wakala alipiga makofi, yale yale anayowapigia watoto. "Hongereni! Kumbe mnapiga kwa nguvu hivi? Sasa nimeielewa shida yenu. Nitawaletea visivyopasuka."

Alitimiza ahadi. Alifika na boksi siku ile ile Iringa walipofika, wageni wameshakula, meza imeshafutwa, neti imekazwa. Nilirarua boksi kwa mikono yangu. Vilikuwa vipira vya rangi, vinene, vizito, vya watoto wa kutambaa. Yule mwalimu wa Iringa alichukua kimoja, akakiangusha mezani kwa upole. Kiligota, kikakaa pale pale. Akaniangalia, nami nikaangalia chini kwa aibu.

"Ndaga fijo," Mama mlezi alimshukuru wakala, maana zawadi haikataliwi mbele ya watu. Kisha, kwa kuwa mgeni haachwi akae bure, akatandaza ludo juu ya meza yetu, akatuketisha mimi na mwalimu tukitazamana. Tukacheza. Yule mwanamke alitikisa dadu kwa mkono ulionitesa mwaka mzima, akaiachia taratibu, macho yamemlowa.

Wakala alisimama nyuma yetu na chai yake, ameridhika kabisa. "Mnaona?" akasema. "Na wa Iringa pia wanaipenda."