Chai ya Rangi kwa Wenye Ng'ombe

Chai ililetwa nyumbani kwetu na vita vya Wazungu. Babu alikwenda kuwapigania watu asiowajua, dhidi ya watu asiowajua, na shukrani aliyorudi nayo Tarime ilikuwa kikombe cha bati na hamu ya chai. Bibi aliikubali kwa sharti moja: maziwa yasiguse moto. Wazee wetu wote walijua: ukichemsha maziwa, chuchu za ng'ombe zinapasuka. Basi tukawa watu wa zizi lililojaa na chai nyeusi tii, na wageni wakituhurumia. Mimi niliipenda hivyo hivyo, ya rangi, chungu kidogo, na kiazi kitamu pembeni.

Kisha tukahamishiwa kijiji cha ujamaa, kwenye maendeleo. Maendeleo yalikuwa duka moja lenye ndoana za kuvulia, ingawa kijito chetu kilikuwa na vyura tu, na muuzaji aliyesinzia kwa bidii. Majani ya chai hayakuwepo. Baba, balozi wa nyumba kumi, alitueleza kwa fahari kwamba chai ya nchi yetu inalimwa Mufindi na Rungwe, halafu inauzwa ng'ambo ili tupate fedha za kigeni. Yaani Mzungu anakunywa, sisi tunajivunia. Na ole wake aliyeleta ya magendo kupitia mpakani Sirari! Baba aliwahi kumsimamisha mama mmoja mkutanoni kwa ajili ya pakiti moja, akamhubiria mpaka mtoto aliyebebwa mgongoni akalala. Jioni hiyo hiyo shangazi yetu, aliyeolewa upande wa Kenya, aliingia kwetu amejifunga khanga mbili na kiuno kimenenepa ghafla. Baba akatazama paa. Paa letu lilikuwa na mambo mengi ya kutazama siku hizo.

Majani ya shangazi ndiyo yaliyotumika wakwe walipokuja. Nilikuwa nimempenda kijana wa Nyarero, nampenda hasa, mpaka nikawa nateka maji mengi kuliko kiu ya nyumba nzima, maana njia ya kisimani ndiyo njia yake. Sasa baba yake alikuja kupatana mahari. Akiridhika na nyumba yetu, ng'ombe wanakuja nami naolewa. Asiporidhika, kulikuwa na mzee mmoja jirani, mwenye wake wengi na kikohozi, aliyekwisha kuuliza habari zangu.

Mama alitaka tupike ya rangi kama kawaida. Baba akaruka.

"Balozi awape wageni chai ya rangi? Watasema tumefilisika! Weka maziwa, chemsha pamoja. Habari za chuchu ni ujinga wa zamani."

 Bibi alichukua kigoda chake akaenda kukaa zizini.

Basi tukachemsha. Nikawapelekea wageni vikombe, nikatoa shikamoo yangu ya adabu kabisa, nikarudi kusimama nyuma ya mlango. Baba mkwe akanusa. Akaweka kikombe chini.

"Maziwa haya yamechemshwa?"

"Ndiyo, mkwe!" baba akasema kwa furaha. "Siku hizi ni kisasa."

Mzee akaokota fimbo yake. "Ng'ombe zangu haziji kwenye boma linalounguza maziwa. Zitakauka zote."

Loo! Nilijiuma kidole ili nisipige kelele. Baba, ambaye angeweza kuhutubia mawe, alibaki kukoroga chai yake. Ndipo bibi akaingia na kigoda chake.

"Kaa chini, tata," akamwambia mgeni kwa Kikurya cha heshima. "Maziwa hayo si ya zizi hili. Ni ya ng'ombe wa kijiji."

"Wa kijiji?"

"Wale wa ujamaa, wa wote. Chuchu zikipasuka, atalia nani?"

Mzee akamtazama bibi, akamtazama balozi, kisha kicheko kikamshinda. Alicheka mpaka machozi, akakaa, akanywa, akaomba aongezewe. Baba kila mkutano alitufundisha kwamba mali ya wote hutunzwa kuliko mali ya mtu. Siku hiyo alitazama paa. Kabla jua halijazama, mahari ilikuwa imekubaliwa.

Wageni wa Nyarero wangejuaje? Kijiji chetu hakikuwahi kuwa na ng'ombe wa maziwa. Tulikuwa na banda lao tu, lililozinduliwa kwa ngoma na hotuba ndefu ya baba. Maziwa yale yalikamuliwa kwa ng'ombe wa bibi mwenyewe, yule mweusi aliyemlea tangu akiwa ndama.

Asubuhi nilimkuta zizini, amepiga magoti kwenye samadi, anampaka yule ng'ombe siagi ya kibuyuni kwenye chuchu, moja baada ya nyingine. Alikuwa akimsemesha kwa Kikurya, polepole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa: nisamehe, mama, ni kwa ajili ya mtoto wangu huyu. Nikachuchumaa karibu yake, nikalia kwa sauti bila aibu.

Bibi hakunigeukia. "Acha kelele, unamtisha," alisema. "Nishikie kibuyu."